Uzi: Kwa nini protini p53 hujaa ndani ya uvimbe ambao ilipaswa kuuzuia?

Fundi_wa_Lamu (Bukavu)

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mnaosomea udaktari na kazi ya maabara hapa Bukavu, nimeanzisha uzi huu kwa sababu ya swali ambalo kijana mmoja aliniuliza wiki iliyopita, nami nikaona kwamba jibu la dakika mbili nililompa halikumtosha. Tulikuwa mbele ya hadubini, tukitazama lamu, yaani kioo chembamba chenye kipande cha uvimbe wa ovari, iliyorudi kutoka maabara ya nje ya nchi, kwa kuwa sisi hatuna kingamwili za kupaka, zile protini ambazo kila moja hushika kitu chake maalum. Lamu hiyo ilikuwa imepakwa kingamwili inayoshika p53, na kila mahali ilipo p53 huonekana rangi ya kahawia. Viini vya seli za uvimbe vilikuwa vimekolea karibu vyote, kama punje za kahawa iliyokaangwa, huku viini vya seli za kawaida pembeni vikibaki na samawati iliyopauka. Kijana akauliza: «Papa, darasani tumefundishwa kwamba p53 ndiyo mlinzi anayezuia saratani. Sasa mbona hapa mlinzi amejaa tele na uvimbe umezidi kukua?»

Nilimjibu kwamba mlinzi aliyejaa pale ni mlinzi aliyeharibika. Ni kweli, lakini jibu hilo linaacha jambo ambalo kwangu ndilo kubwa. Aina fulani za p53 iliyoharibika hazikai tu bila kazi: hupoteza umbo, hushikamana zenyewe kwa zenyewe zikawa mabonge, na huvuta ndani ya mabonge hayo hata protini nzima ambazo zingeweza kuiokoa seli. Hilo ndilo nataka tulijadili taratibu.

Tuanze na p53 yenye afya. Seli husoma jeni iitwayo TP53, iliyo kwenye kromosomu ya 17, na kutengeneza mnyororo wa amino asidi 393, yaani vijenzi vidogo vya protini. Mnyororo hujikunja ukapata umbo lake, minyororo minne huungana kuwa kitu kimoja, na kitu hicho hushika DNA na kuamsha jeni nyingine, ili seli isimame kugawanyika, irekebishe DNA yake, au, kama madhara yamepita kiasi, ijiue. Katika seli yenye afya p53 haidumu. Huvunjwa baada ya dakika chache tu, kwa sababu protini nyingine iitwayo MDM2 huibandika alama ya kupelekwa kwenye proteasomu, ambayo ni kinu cha seli cha kusaga protini zisizohitajika tena. Na ajabu ni kwamba p53 yenyewe ndiyo inayoamuru MDM2 itengenezwe. Kwa hiyo p53 ikiharibika na kushindwa kushika DNA, MDM2 hupungua, wa kuipeleka kinuni hayupo, na p53 mbovu hurundikana. Hiyo ni sababu moja ya rangi ile ya kahawia.

Rundo hilo liliwahi kuwapoteza hata watafiti wenyewe. p53 ilipogunduliwa mwaka 1979, ilionekana nyingi mno ndani ya seli za saratani, na kwa miaka kumi hivi ilihesabiwa miongoni mwa protini zinazosababisha saratani. Mwaka 1989 ndipo ilipodhihirika kwamba ile iliyokuwa ikitumika maabara wakati wote huo ilikuwa na kasoro, na kwamba iliyo nzima hufanya kinyume kabisa. Kijana wangu aliuliza swali lile lile lililowasumbua wakubwa wa fani, na sioni sababu ya yeye kuona haya.

Fundi_wa_Lamu (Bukavu)

Ninaendelea, sasa kuhusu umbo.

Anayechemsha yai anajua kwamba ute unaopitisha mwanga hugeuka mweupe na mgumu, na kwamba hakuna namna ya kuurudisha ulivyokuwa. Protini ni zile zile. Kilichotokea ni kwamba joto limefungua mikunjo yake, na sehemu zinazokimbia maji, zilizokuwa zimefichwa ndani, zimetoka nje na kushikana na za jirani. Ute wa yai unahitaji nyuzi joto sitini au zaidi. Sehemu ya katikati ya p53, ile inayoshika DNA, ikichunguzwa peke yake maabara hufunguka kwenye nyuzi joto 44 hivi, nasi tunaishi kwenye 37, na mgonjwa wa malaria kali hufikia 40. Yaani hata p53 isiyo na kasoro yoyote inasimama karibu na ukingo wa korongo, na kinachohitajika ili ianguke ni msukumo mdogo tu.

Ndani kabisa ya sehemu hiyo pamefichwa kipande cha amino asidi saba, kuanzia ya 251 hadi ya 257: isoleusini, leusini, threonini, isoleusini, isoleusini, threonini, leusini. Tano kati ya saba hukimbia maji. Maadamu kipande hicho kimefunikwa, hakuna shida. Kikitoka nje, hutafuta kipande kinachofanana nacho kwenye protini ya jirani, vikalala ubavu kwa ubavu kama fito za ukuta, kisha cha tatu kikaja, na cha nne, na bonge likazaliwa. Mpangilio huo wa ubavu kwa ubavu unafanana na ule unaoonekana katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, ijapokuwa huko protini ni nyingine.

Sasa muangalie kasoro mbili ambazo kwenye karatasi ya majibu huonekana kama ndugu. Ya kwanza huandikwa R175H, maana yake arginini ya nafasi ya 175 imegeuka histidini. Nafasi hiyo iko jirani kabisa na chembe moja ya zinki inayoshikiliwa na sisteini tatu na histidini moja, na zinki hiyo ndiyo kifungo kinachobana vazi zima. Kifungo kikilegea, umbo hufunguka katika joto la kawaida la mwili, na kile kipande cha kunata hutoka nje. Ya pili ni R273H. Arginini ya 273 huigusa DNA moja kwa moja. Ikibadilika, umbo hubaki karibu kama lilivyokuwa, ila p53 haiwezi tena kuishika DNA barabara. Zote mbili huitwa kasoro za TP53, lakini ya kwanza ni ugonjwa wa umbo na ya pili ni ugonjwa wa mshiko. Naona ni kosa kuwafundisha wanafunzi kana kwamba ni kitu kimoja.

Mwaka 2011 kundi la watafiti wa Ubelgiji, wakiongozwa na Frederic Rousseau na Joost Schymkowitz, lilionyesha kwamba p53 iliyopoteza umbo huganda pamoja na p53 nzima, na pia pamoja na p63 na p73, ambazo ni ndugu zake wa damu na huweza kufanya sehemu ya kazi yake. Walipobadilisha amino asidi moja tu ndani ya kile kipande, wakaweka inayopenda maji mahali pa isoleusini ya 254, kuganda kulikoma. Kundi la Jerson Silva, Rio de Janeiro, nalo lilikuta mabonge ya p53 ndani ya vipande vya saratani ya matiti. Tangu hapo nimekuwa nikiamini kwamba habari ya jeni peke yake haitoshi. Inabidi tuulize pia protini imekaaje ndani ya seli.

MwalimuKemia_Bagira

Ndugu Fundi, ninakushukuru kwa maelezo haya, nami nina mambo mawili. La kwanza ni hesabu. Kama p53 hufanya kazi kwa minyororo minne, na seli ina jeni moja nzima na moja mbovu, basi tukichanganya bila mpangilio, uwezekano wa kupata kundi la minne mizima ni nusu mara nusu mara nusu mara nusu, yaani 1 kati ya 16. Je, hesabu hiyo haitoshi kueleza kwa nini jeni moja mbovu huharibu kazi yote, bila kuhitaji habari ya mabonge?

La pili linanisumbua zaidi. Mabonge ya protini huua seli za ubongo. Hilo tunalijua kutokana na Alzheimer na Parkinson. Inawezekanaje jambo lile lile liue seli mahali pamoja, na mahali pengine liinenepeshe?

Fundi_wa_Lamu (Bukavu)

Mwalimu, hesabu yako ni sahihi kwa mchanganyiko usio na mpangilio, lakini seli haichanganyi hivyo. Minyororo ya p53 huanza kuungana miwili miwili pale pale inapotengenezwa, ikitoka kwenye ujumbe mmoja wa jeni. Kwa hiyo jozi huwa nzima yote au mbovu yote, na baadaye jozi mbili hukutana. Ukihesabu kwa jozi, makundi mazima kabisa ni 1 kati ya 4, si 1 kati ya 16. Robo si haba. Kama tatizo lingekuwa ni kuchanganyika kwa minne tu, seli ingebakiwa na robo ya walinzi wake na p63 na p73 zingebaki huru. Bonge halina kikomo cha minne. Linaongezeka kadiri linavyopata wa kushika, na linashika hata ndugu ambao hawamo kabisa katika hesabu ya minne. Hapo ndipo ninapoona kwamba hesabu peke yake haifiki.

Kuhusu swali lako la pili, jibu liko katika kuuliza nani amenaswa na wapi. Ubongoni, seli za neva hazigawanyiki, mzigo unaozidi haupati pa kwenda, na protini inayoganda huleta sumu. Katika uvimbe, aliyenaswa ni breki. Seli iliyopoteza breki hugawanyika, na kila inapogawanyika mzigo wa mabonge hugawanywa kati ya seli mbili. Zaidi ya hayo, seli za saratani hujizatiti kwa wingi wa shaperoni, zile protini zinazosaidia nyingine kukunjwa vizuri, hasa Hsp70 na Hsp90. Mwaka 2007 maabara ya Susan Lindquist huko Marekani ilionyesha kwamba panya walioondolewa HSF1, swichi kuu ya shaperoni hizo, walipata uvimbe mchache. Na Hsp90 hiyo hiyo huikinga p53 mbovu isipelekwe kinuni, jambo ambalo ni sababu nyingine ya rangi ile ya kahawia.

Lakini ngao hiyo ina mpaka. Katika saratani ya uboho iitwayo mayeloma, seli hutengeneza kingamwili kwa wingi wa kutisha mchana na usiku, na kinu chao kinafanya kazi bila kupumzika. Dawa iitwayo bortezomib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, huziba kinu hicho, na seli hulemewa na protini zake yenyewe. Kwa hiyo, Mwalimu, mzigo ule ule unaoua seli ya ubongo unaweza pia kuiua seli ya saratani. Inategemea tu kama umeikuta na ngao au bila ngao.

Mwanafunzi_Ibanda

Papa Fundi, shikamoo. Katika masomo yetu ya uso wa seli tumeambiwa kwamba protini iitwayo Ras nayo hukusanyika katika makundi, na kwamba makundi hayo yana uhusiano na saratani. Je, huko nako ni kuganda, au ni jambo jingine?

Fundi_wa_Lamu (Bukavu)

Marahaba, mdogo wangu. Ni jambo jingine, na umefanya vizuri kuuliza, kwa sababu wengi huchanganya.

Kukusanyika si kuganda. Ras iliyokusanyika bado ina umbo lake kamili. Hujishikiza upande wa ndani wa ngozi ya seli, na karibu 4 katika kila 10 hukaa katika vikundi vidogo vya protini sita au saba, vyenye upana wa nanomita 20 hivi, ambavyo havidumu hata sekunde moja. Fikiria wanawake wanaoshusha vikapu vya samaki waitwao sambaza alfajiri ziwani: mashua ikifika wanakusanyika, mali ikitoka wanatawanyika. Mkusanyiko huo una kazi, kwa sababu protini inayofuata kupokea ujumbe, iitwayo Raf, huitwa kwenye kikundi kilichojaa, si kwa Ras iliyo peke yake. Ubovu huingia Ras inapobadilika, mara nyingi kwenye amino asidi ya 12, ikabaki imewaka. Hapo vikundi hutuma ujumbe wa kukua wakati hakuna aliyeuliza.

HER2 ni mfano wa tatu, nao uko kati ya hiyo miwili kwa namna yake. Ni kipokezi kilicho juu ya seli. Katika wagonjwa wa saratani ya matiti 15 hadi 20 kati ya 100, jeni yake imezidishwa, na vipokezi hujaa mpaka vinagusana vyenyewe na kuwashana bila kungoja ishara. Hapo umbo ni zima, msongamano ndio mbaya. Dawa ya trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, hukishika kipokezi hicho kwa nje.

Kwa hiyo ukisoma makala inayosema protini zimejikusanya, uliza kwanza: umbo limebaki au limefunguka? Zinaachana baadaye au zimenasa moja kwa moja? Ukipata majibu hayo mawili utajua unazungumzia nini.

Dokta_Ruzizi

Ninamheshimu sana Fundi, na amefafanua vizuri, lakini kuna mahali nataka tuwe waangalifu, kwa sababu humu wamo vijana watakaoandika majibu ya wagonjwa.

Rangi ya kahawia siyo mabonge. Kingamwili tunayoipaka kwa kawaida hushika p53 iliyokunjwa na iliyofunguka bila kubagua; inachokuonyesha ni wingi tu. Anayetaka kujua habari ya umbo hutumia kingamwili nyingine, kama PAb1620 inayoshika iliyokunjwa sawasawa, na PAb240 inayoshika sehemu ambayo huonekana tu protini ikifunguka. Na anayetaka kuthibitisha kuganda hutafuta mabonge yenyewe, kwa kingamwili A11 au kwa rangi ya thioflavini. Lamu uliyoionyesha kwa kijana inaweza kuwa na R273H isiyo na ugonjwa wa umbo, na ikawa ya kahawia vile vile.

Pia, msidanganyike na lamu nyeupe. Kuna kasoro zinazokata mnyororo katikati, p53 isitokee kabisa, na kiini kikabaki bila rangi hata kidogo wakati seli za kawaida za pembeni zina rangi hafifu. Hiyo nayo ni p53 iliyoharibika. Na katika saratani ya mlango wa kizazi, ambayo inawaondoa mama zetu wengi hapa Kivu, mara nyingi jeni ya TP53 ni nzima. Virusi vya HPV huleta protini yao E6, ambayo huikabidhi p53 kwa kinu ikasagwa. Huko hakuna mabonge wala rundo. Mlinzi anaondolewa kwa njia tofauti kabisa.

Fundi_wa_Lamu (Bukavu)

Dokta, umenisahihisha, nami nakubali bila kusita. Niliandika kana kwamba rangi ile ilikuwa ushahidi wa kuganda, kumbe ilikuwa ushahidi wa kurundikana tu. Kijana nitamwambia hivyo hivyo kesho. Habari ya lamu isiyo na rangi ni muhimu mno. Nimewahi kuona mtu akiandika «p53 haipo, hali nzuri», na ilikuwa kinyume chake.

Mama_wa_Kadutu

Baba Fundi na Dokta, mimi si wa hospitali, ninauza unga na karanga sokoni, lakini nimesoma uzi wote kwa sababu mdogo wangu aliondoka mwaka jana kwa saratani ya ini. Nina maswali ambayo yananinyima usingizi. Mtu mmoja aliniambia kwamba mabonge haya ya protini hueneza ubovu kutoka moja hadi nyingine. Je, nilipomwogesha na kumlisha, niliweza kuyapata? Na pili, tuliambiwa kwamba ugonjwa wa ini hutoka kwenye mahindi yenye ukungu. Mahindi ya bonde la Ruzizi hunifikia mara nyingine yamelowa mvua. Tunayapeta, tunayaosha, tunayasaga, na bugali inaiva vizuri. Je, sumu inabaki?

Fundi_wa_Lamu (Bukavu)

Mama, pole sana kwa mdogo wako. Nitakujibu la kwanza bila kuzungusha: hapana. Hukupata chochote kwa kumwogesha, kumlisha wala kumkumbatia. Ni kweli kwamba ndani ya sahani za maabara bonge la p53 linaweza kuifanya p53 nyingine igande, hata seli ya jirani inaweza kulimeza. Ndiyo maana watafiti huilinganisha na prioni, zile protini zenye umbo bovu ambazo huambukiza ubovu huo kwa nyingine. Lakini hayo ni mambo ya seli kwa seli. Saratani ya ini haimpiti mtu ikamfikia anayemhudumia.

Kinachoambukiza katika habari ya ini ni virusi, hasa vya homa ya ini B, na hivyo hupita kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Mama, ninakuomba upimwe wewe na waliokuwa wakiishi naye nyumba moja, si kwa sababu ya saratani yake bali kwa sababu ya virusi hivyo. Watoto wadogo wa nyumba hiyo wapate chanjo zao za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, maana chanjo hiyo ya pamoja ina kinga ya homa ya ini B ndani yake.

Kuhusu mahindi, ndiyo, sumu inabaki. Ukungu uitwao Aspergillus flavus hutoa aflatoksini, ambayo jirani zetu wa Tanzania huiita sumukuvu. Moto wa jikoni hauiondoi. Kuosha hakuimalizi. Inaingia ini, na ini lenyewe, likijaribu kuitoa, huigeuza kuwa kitu kinachojibandika kwenye DNA, kwenye G, moja ya herufi nne ambazo DNA huandikwa kwazo. Herufi hiyo ikisomwa vibaya hugeuka T. Na kuna mahali pamoja pa TP53 panapopigwa hivyo kuliko kwingine: nafasi ya 249, ambapo AGG hugeuka AGT, na arginini hugeuka serini. Huandikwa R249S. Mwaka 1991 watafiti waliiona alama hiyo katika saratani za ini kutoka Uchina na kusini mwa Afrika, katika sehemu ambazo watu hula nafaka zenye sumu hiyo. Na R249S, ndugu zangu wanafunzi, ni miongoni mwa kasoro zinazolegeza umbo. Iko hatua mbili tu kutoka kwenye kile kipande cha kunata kinachoanzia 251. Hapo ndipo ninapoona gunia la mahindi la Kadutu linapokutana na habari nzima ya uzi huu.

Mtu mwenye homa ya ini B ambaye pia anakula sumu hiyo, hatari mbili hizo hazijumlishwi, huzidishana.

Kwa hiyo, Mama, mahindi yaliyolowa yaanikwe juu ya turubai siku hiyo hiyo, yasilale kwenye gunia. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye unga wa kijani ziondolewe kwa mkono kabla ya kusaga. Kuchagua hivyo hupunguza sumu sana, kwa kuwa mara nyingi imejikusanya kwenye punje chache. Karanga zilizosinyaa vivyo hivyo. Na zile mbaya usimpe ng'ombe, kwa maana sumu hupita ikaingia kwenye maziwa.

Mwanafunzi_Ibanda

Papa, kama shida ni zinki kutoka na kipande kunata, je, hakuna dawa ya kurudisha zinki au kuziba kipande hicho? Hapa mjini wapo wanaouza vidonge vya zinki na unga wa manjano kwa wagonjwa wa saratani.

Dokta_Ruzizi

Nijibu mimi, kwa kuwa wagonjwa hao huishia kwangu. Vidonge vya zinki vinavyouzwa dukani haviifikishi zinki ndani ya p53 iliyofunguka. Ni vyema kwa mtoto mwenye kuharisha, na tunavitumia hivyo. Kwa saratani vinamaliza pesa ya nauli na muda wa upasuaji.

Majaribio ya kweli yapo. Mwaka 2016 maabara ya David Eisenberg huko Los Angeles ilitengeneza kipande kidogo cha protini kiitwacho ReACp53, kilichopimwa kilale juu ya kile kipande cha kunata (hapa huhesabiwa 252 hadi 258) na kuzuia nyingine zisishike. Kilipunguza uvimbe wa ovari kwa panya. Hakijawa dawa ya hospitali. Dawa nyingine, APR-246, ilifika hatua ya tatu ya majaribio kwa wagonjwa wa uboho, na mwishoni mwa mwaka 2020 ikashindwa kufikia lengo. Inayonipa matumaini zaidi ni rezatapopti. Kasoro iitwayo Y220C huacha tundu dogo juu ya uso wa p53, na tundu hilo hulegeza umbo. Dawa hii imechongwa iingie tunduni kama kabari na kulikaza. Inajaribiwa kwa wagonjwa wenye kasoro hiyo moja tu. Unaona, mdogo wangu, kwamba inabidi ujue ni amino asidi gani iliyobadilika, la sivyo huwezi kujua ni kabari gani ya kupiga.

Mwanafunzi_Ibanda

Nimeelewa, Dokta. Basi swali langu la mwisho: sisi hapa tutajuaje, kama hata kingamwili hatuna?

Fundi_wa_Lamu (Bukavu)

Kwa kupeleka kipande kilichotunzwa vizuri, mdogo wangu. Hapo ndipo tunapopoteza zaidi kuliko mahali pengine. Mwaka juzi nilipokea kipande cha titi kilichokaa siku kumi na moja ndani ya chupa ya formalini, dawa ya maji tunayotunzia vipande, kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa na hakuna aliyekumbuka kukitoa. Kilipofika kule kilikopelekwa, majibu yalirudi: rangi haisomeki. Mama yule ilibidi akatwe mara ya pili.

Formalini nayo hufunga protini, moja kwa nyingine, na ikizidi huficha kile ambacho kingamwili inatafuta. Kwa hiyo: formalini ya asilimia 10 iliyorekebishwa asidi yake, ujazo wake mara kumi ya kipande, kipande kikatwe chembamba ili iingie mpaka ndani, na kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72. Kikishatoka kiingie kwenye nta ya parafini hapa hapa Bukavu. Kikiwa ndani ya parafini kinaweza kungoja barabara ifunguliwe bila kuharibika. Juu ya chupa andika kwa kalamu isiyofutika tarehe na saa kipande kilipoingia kwenye formalini, siyo tarehe ya upasuaji peke yake. Kesho nina vipande vitatu vya kuingiza saa mbili asubuhi; ukiweza kufika, njoo na koti lako.